Habari Iliyokomea Kwenye Dungu Langu

Wema, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Naomi wangu,

Umekwenda Kulesa kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima, nina meza, na nina hii kalamu ambayo baba yako anasema ndiyo mume wangu wa kwanza. Yeye ameshakuambia yote ya safari: msafara wa mabasi, askari wa kusindikiza, baridi ya Embu, sweta, mahali pa kuficha nauli. Ameyasema mara tatu kwa sababu akiacha kusema atalia. Mimi siongezi hata moja.

Ulinionya jana ukifunga sanduku. Ulisema, "Mama, usinihubirie. Nimezihubiri hotuba zako kuliko wewe." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni kusimama peke yangu, maana ulisema kweli. Hotuba zangu unazo zote. Kuna moja tu ambayo sikuwahi kukupa, na hiyo si hotuba.

Nianze na Jumanne. Hawo alitoka malishoni alfajiri, akatembea mpaka hapa na kibuyu cha maziwa na kikebe cha samli kwa ajili yako, kwa kuwa alisikia unaondoka. Ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni alipoanza kutuletea maziwa. Wewe ukamuuliza, hata hajaketi vizuri, "Mama Hawo, siku hizi mna ng'ombe wangapi?" Unajua kabisa kwamba Muorma haulizwi idadi ya ng'ombe wake, kama mimi nisivyoulizwa umri wangu. Akakujibu kwa upole, "Mungu ndiyo najua." Nawe ukasema, "Basi ndiyo sababu nchi inageuka jangwa."

Hawo alicheka kidogo, akanitazama mimi. "Mama Naomi, hii mtoto wewe ndiyo nazaa. Mimi hapana laumu yeye." Akanyanyuka. Akachukua kibuyu chake kitupu akaondoka nacho kitupu. Miaka yote hiyo kibuyu kile hakijatoka nyumbani kwetu bila mchele au ndizi ndani. Nilitaka kukukemea, lakini niliyemwona amesimama pale mlangoni ni mimi, na kidole changu juu, na ile sauti yangu ya barazani inayomaliza mjadala kabla haujaanza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba huwezi kupanda basi kesho bila kuambiwa.

Ile insha yako, Naomi. "Hakuna Aliyetuambia." Uliiandika kidato cha tatu, miezi michache baada ya mafuriko ya elinino, ikakupatia zawadi, mwalimu mkuu akakuita uisome mbele ya wazazi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na kitenge changu kipya. Ulisema watu wa juu, mto unakotoka, wamelifunga jua na mvua ndani ya mabwawa yao, wakafungulia maji walipotaka, wakatuacha tulale juu ya mpunga wetu bila kutupigia hata filimbi. Wazazi walisimama kupiga makofi, na mimi nilisimama wa kwanza.

Mabwawa ninayadai majibu hadi leo, na hali ya hewa iliyovurugwa na viwanda vya watu wasiojua hata Garsen iko wapi nitaipigia kelele mpaka waninyamazishe kwa mchanga. Usidhani mama yako amelegea. Lakini kichwa cha insha yako ni uongo, nami ndiye niliyekuachia uamini hivyo. Tuliambiwa.

Sikiliza ilivyokuwa. Wewe ulikuwa shuleni. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke, na sisi sote tulikuwa juu ya madungu tukiamia ndege, kila mtu juu ya kichanja chake cha miti na kombeo lake mkononi, kuanzia mashamba ya Yohana na wenzake huku juu mpaka mashamba ya mwisho kule mto unakopinda. Unaujua utaratibu wetu tangu utoto: neno likipazwa kwenye dungu la kwanza, wa pili analipokea na kulipaza kwa wa tatu, mpaka lifike mwisho. Mtoto wa fulani amezaliwa, nguruwe wameingia shamba la fulani, nani ana ugoro. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia tukikukataza kwenda dunguni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na vicheko.

Mimi nilikuwa nimeshaacha vicheko. Nilikuwa napanda dunguni na magazeti ya siku tatu nyuma na daftari langu, nikifukuza ndege kwa mkono mmoja na kumjibu mhariri kwa mkono mwingine. Nilikuwa nimesoma kila kilichopatikana kuhusu mito na mabwawa na joto la dunia. Na katika kila baraza, tangu mwaka uliotangulia, nilikuwa nimewaambia watu kwamba mto wetu umewekwa kifungoni, kwamba mafuriko ya mama zetu hayatarudi tena, na kwamba yeyote anayengoja maji makubwa anaota. Wengine walilima mabondeni kwa sababu ya maneno yangu. Chifu mwenyewe alinyamaza. Nilipenda sana alivyonyamaza.

Basi asubuhi hiyo Yohana akapaza, na unaijua sauti yake, kama ya punda aliyekanyagwa: "Mama Naomi weee! Hawo amepita hapa! Anasema Waorma wamehamisha ng'ombe wote kwenda juu, hawakungoja hata kukamua! Maji makubwa yanakuja! Kateni mpunga hivyo hivyo mbichi! Pitisha!"

Kwanza nilikasirika. Hawo, ambaye hajui kusoma jina lake, anibishie mimi hadharani? Kumbe asubuhi ile ile alikuwa amepita nyumbani na maziwa, akataka kusema nami, nami nikamtuma baba yako ampokee kwa sababu nilikuwa kwenye aya ya mwisho. Nilijiambia huu ni uvumi, na uvumi hausambazwi na mtu aliyesoma. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba ningeupaza ujumbe ule, ningekuwa ninapaza kwamba nilikosea mwaka mzima.

Nikampungia Yohana mkono, kana kwamba nimelipokea. Mama Jillo, dungu linalofuata chini yangu, aliuona mkono akauliza, "Anasemaje yule?"

Nikamjibu, "Anasema ndege ni wengi leo."

Nimeandika maelfu ya maneno maishani mwangu, mwanangu, na ningeyatoa yote ili niyameze hayo matano.

Yohana na wenzake wa juu walikata mpunga siku ileile. Waliukaanga ukiwa mbichi, wakautwanga, wakapata pepeta ya magunia. Wa chini yangu hawakukata kitu. Siku ya nne maji yalikuja mchana, bila haraka, rangi ya chai, yakapanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Mama Jillo aliliangalia dungu lake likiondoka zima zima na mkeka wake na sufuria yake juu, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe. Shamba lake, la dada yake, la mzee Buya, yote mpaka kule kona ya mto. Hakuna aliyekufa, na hilo halikutokana na wema wangu.

Ulipofika kule kwenye ardhi ya juu tulikokimbilia, ulitukuta chini ya maturubai tukila pepeta kutoka sinia moja. Ulidhani ni uchovu ulionifanya nisiweze kumeza. Pepeta ile ilikuwa ya Yohana, na mkono uliokuwa ukinisogezea sinia ulikuwa wa Mama Jillo. "Kula, Mama Naomi, wewe unatumia akili nyingi." Miezi ile yote sikusema. Halafu ikaja insha yako, na makofi.

Nilirudi kutoka kwenye sherehe yako ya zawadi, nikapita nyumbani bila kuingia, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Jillo. Alikuwa anasuka mkeka.

"Mama Jillo, siku ile sikukuambia kweli."

"Siku ipi? Wewe una siku nyingi."

Nikamwambia. Alisuka mpaka mwisho wa ukili ule bila kuinua macho, nami nimesimama kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Ndege hawakuwa wengi siku ile."

"Basi nitukane."

"Nikutukane nipate nini? Wewe ukitukanwa unapata la kuandika." Akauvuta mkeka karibu, akanionyesha mahali pa kukaa. "Adhabu yako hii hapa. Msimu ujao hukai dungu lako, atakaa Baba Naomi. Wewe utakaa langu, pamoja nami. Bila gazeti. Na kila neno likija, utalipaza wewe. Hata la kipuuzi. La kipuuzi hasa."

Na hivyo ndivyo ulivyonikuta likizo ile, ukaniandikia baadaye kutoka shuleni: "Mama, umeacha kupigana? Umekaa dunguni unacheka na wanawake wakati msitu wa mto unakwisha." Sikukujibu kwa sababu jibu lilihitaji barua hii.

Siku ya kwanza Mama Jillo alihakikisha nimeadhibiwa. Baba yako alipaza kutoka dungu letu la zamani, na bila shaka walikuwa wamepanga, kwamba Mama Naomi anakoroma kuliko injini ya mashine ya kusaga. Nami nikalazimika kusimama, mama mtu mzima, mwalimu wa ngumbaru, na kupaza kwa sauti yangu mwenyewe hadi kwa mzee Buya: "Mama Naomi anakoroma! Kuliko mashine ya kusaga! Pitisha!" Nilisikia likienda, dungu kwa dungu, likizidi kunenepa, na kule kwenye kona ya mto kicheko kikalipuka ndege wote wakaruka wenyewe. Mama Jillo aliangua kicheko mpaka kombeo likamdondoka. Na mimi, Naomi, nilicheka mpaka nikashika nguzo. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Nataka kukuambia nilichokuwa nikikiamini, kwa sababu najua nawe unakiamini. Niliamini kwamba anayecheka hajaelewa. Kwamba mtu akishajua yaliyoandikwa kuhusu hii dunia, jinsi inavyopata joto na mito inavyofungwa, basi heshima yake ni kununa. Niliona kila arusi ninayoikosa kuwa ushahidi kwamba ninajali kuliko wale waliokwenda. Uliniona nikila nimesimama, uliniona nikikataa kucheza ngoma siku dada yangu alipoozesha, ukadhani ule ndio ujasiri. Ilikuwa ni jeuri, na jeuri hiyo ndiyo iliyosema ndege ni wengi leo.

Msimu ule wa adhabu nilianza kusikia. Mama Jillo alitambua kwa harufu kama maji yanayokuja ni ya mvua ya hapa au ya huko juu. Mzee Buya alikuwa na orodha kichwani ya vijito vya kando alivyovulia ujanani, na vingapi sasa ni vumbi. Siku moja kutoka dungu la mwisho likapanda neno kwamba binti wa fulani aliyeolewa Kau, kule karibu na bahari, amerudi nyumbani kusalimia, anasema kisima chao kimeingia chumvi, hata chai hainyweki. Nililipaza kwa baba yako, naye kwa Yohana, kisha nikaenda nyumbani nikaliandika pamoja na ya Mama Jillo na ya Buya, kwa maneno yao, na kwa idhini yao. Miaka yote ile ya kuwafundisha wahariri sijawahi kujibiwa. Barua ile ilijibiwa. Mtu wa wizara alikuja na viatu vyake safi mpaka Kau, akaonja maji ya kisima mbele ya akina mama, akakunja uso. Walimpa chai ya maji yaleyale ili asije akasahau.

Na ule mwezi ulipokuwa kwenye mitihani, akaja mtu na misumeno na trekta kununua mikuyu ya ukingo wa mto, ile mikubwa. Alikuwa na karatasi. Zamani ningeandika. Safari hii nilipanda dunguni nikapaza. Kabla uji haujapoa ukingo ulikuwa umejaa wanawake, wengine na mwiko mkononi, na tukamwimbia yule bwana, tukayasifu mashavu yake, tukamuuliza kama ana mke au tumtafutie. Hawo naye alikuja kutoka upande wa pili na ng'ombe, wakalala njiani mbele ya trekta.

"Mama, ondoa ng'ombe," bwana akasema.

"Nachoka," Hawo akamjibu. "Ng'ombe nachoka, mimi nachoka. Wewe pia keti, nachoka pamoja."

Alikaa, maskini, akanywa maziwa ya Hawo mpaka jua likapinda, kisha akaondoka na misumeno yake. Mikuyu ipo. Kesho utaipita. Nilipiga hesabu mchana ule, nani alikuja. Walikuja wale niliocheka nao msimu mzima. Wale niliowafundisha tu, miaka kumi, walituma salamu.

Sasa unakwenda huko juu. Nimewatukana watu wa juu kwa kalamu tangu hujazaliwa, nao hawajui. Nimeambiwa si mbali na chuo chako kuna mashamba makubwa ya mpunga, na maji yake ni ndugu wa maji yetu. Basi huko nako yupo mwanamke anayelinda mpunga wake, na wala si yeye aliyejenga bwawa. Usianze naye kwa bwawa. Mtafute umuulize anafukuzaje ndege. Ningetoa kitu kikubwa kujua jibu lake, niandikie. Ya bwawa yatafika. Utakuwa na miaka ya kugombana, nami nakuombea ugombane vizuri, maana una akili kali kuliko yangu na huna haya, na ninakupenda kwa vyote viwili. Ila ugombane ukiwa umekaa na watu, Naomi. Mimi niligombana nikiwa peke yangu, na unaona mto ulinijibu nini.

Ile insha usiichane. Ni nzuri. Iandike upya tu siku moja, na mimi nimo ndani. Mama Jillo amekubali kutajwa, kwa sharti kwamba umfanye mwembamba.

Nimekaanga pepeta ya mpunga wa msimu huu. Iko kwenye mfuko karibu na sanduku lako, na haukuwekwa hapo kwa ajili ya Embu. Hawo atakuwa pale njia ya ng'ombe inapoteremkia mtoni, anapouza maziwa kila asubuhi, na kibuyu chake atakuwa nacho. Sijui utamwambia nini. Mimi nilipomwendea baada ya mafuriko nilikuwa nimeandaa maneno mengi, akanikatiza: "Mama Naomi, maneno baadaye. Kwanza jaza." Nikajaza.

Mimi sitakusindikiza mpaka Garsen; atakwenda baba yako, akalie mbele ya askari. Mpunga umetoa masuke tena, na alfajiri nitakuwa dunguni kama wenzangu. Njia yako inapita kando ya mashamba yote ukielekea juu. Mama Jillo ameshasema ndiye atakayeanza: ataita jina lako kutoka dungu lake, lipande kwangu, kwa Yohana, mpaka shamba la mwisho kabla ya barabara kuu. Sijui atakachokipachika mbele ya jina hilo. Mjiandae wewe na baba yako kuaibika.

Likinifikia nitasimama. Nitalipaza lote, kama lilivyo, kwa nguvu zangu zote. Nawe ukilisikia huko mbele, hata kama basi linapiga honi na baba yako anakuvuta mkono, geuka uitikie, ili Yohana anipazie kwamba limefika.

Mama yako